Kamera Iliyochelewa: Filamu za Hali Halisi na Mashambulizi ya Kushtukiza Majini

Filamu ya hali halisi kuhusu shambulio la kushtukiza majini huanza na upungufu ambao filamu nyingi za vita hazina. Anayeshambulia huficha mpango wake, na anayeshambuliwa hana habari. Dakika ambazo mtazamaji angetamani zaidi kuziona ndizo ambazo hapakuwa na mtu aliyeshika kamera. Vita vya mahandaki barani Ulaya vilidumu miezi na miaka, wapiga picha wakapata muda wa kufika, kupanga vifaa na kusubiri. Shambulio la kushtukiza baharini au ziwani huweza kumalizika ndani ya nusu saa, mara nyingi alfajiri, na meli iliyopigwa huzama na sehemu kubwa ya ushahidi wake.

Ndiyo maana karibu kila filamu ya aina hii imejengwa kwa picha zilizopatikana baada ya tukio, zilizopigwa mahali pengine, au zilizoigizwa. Kufanya hivyo si kosa. Kosa ni kumwacha mtazamaji aamini kwamba anachokiona ndicho kilichotokea. Filamu hizi zinastahili kupimwa kwa uwazi wake kuhusu asili ya kila picha, kabla ya kupimwa kwa ukubwa wa milipuko. Kipimo hicho kinafanya kazi kwa Pearl Harbor, kwa Zanzibar na kwa Kigoma. Kinafanya kazi pia kwa maji ya Mkoa wa Mara, kuanzia Shirati hadi Majita na Ghuba ya Speke, ambako vita vya meli vilipiganwa kati ya 1914 na 1916.

Malighafi ya mwongozaji

Mwongozaji wa filamu ya namna hii ana aina chache za malighafi, na kila moja ina hila yake. Ya kwanza ni picha mjongeo za tukio lenyewe, ambazo ni adimu kuliko zote. Ya pili ni picha mjongeo za jirani: meli ileile ikiwa kwenye mazoezi mwaka mmoja kabla, au bandari ileile wiki moja baadaye. Hizi ndizo zinazojaza filamu nyingi, na ndizo zinazopotosha kwa urahisi, kwa sababu mtazamaji hana namna ya kutofautisha mzinga unaofyatuliwa mazoezini na unaofyatuliwa vitani.

Ya tatu ni picha za mnato. Hizi zina faida moja: ukimya na utulivu wake humkumbusha mtazamaji kwamba anatazama kumbukumbu. Ya nne ni maandishi, yaani daftari la safari la meli, simu za upepo, ripoti za makamanda na ramani za kina cha maji. Ya tano ni mashahidi walio hai, au watoto na wajukuu wao. Ya sita ni mahali penyewe na mabaki yake: mwamba, makaburi, chuma kilichozama. Ya saba ni maigizo, pamoja na picha zinazotengenezwa kwa kompyuta.

Filamu nzuri huzichanganya hizi saba bila kuficha mpaka kati yao. Filamu dhaifu huzishona pamoja kwa muziki na sauti nzito ya msimulizi hadi mishono isionekane.

Somo la Pearl Harbor

Shambulio la Japani dhidi ya kambi ya majeshi ya Marekani huko Pearl Harbor, Hawaii, tarehe 7 Desemba 1941, ndilo lililotengenezewa filamu nyingi zaidi, na ndilo linaloonyesha tatizo kwa uwazi zaidi. Watu 2,403 wa upande wa Marekani waliuawa, 1,177 kati yao wakiwa kwenye meli moja, USS Arizona. Picha mjongeo za saa zile ni chache mno. Iliyo maarufu kuliko zote ni ya mlipuko wa Arizona, iliyopigwa na daktari aliyekuwa kwenye meli ya hospitali, Solace, iliyokuwa imetia nanga karibu. Ni sekunde chache tu: meli, kisha moto unaochomoka kwenda juu, kisha moshi. Sekunde hizo zimerudiwa katika filamu nyingi kiasi kwamba mtazamaji huhisi amelishuhudia shambulio zima.

Pengo lililobaki lilizibwa mapema. Idara ya serikali ya Marekani iliyokuwa chini ya mwongozaji John Ford ilimpa kazi Gregg Toland, mpiga picha aliyepiga filamu ya Citizen Kane, atengeneze filamu kuhusu tukio hilo. Toland aliigiza upya sehemu kubwa ya mapigano, akitumia askari, ndege na vielelezo vidogo vya meli. Filamu yake ndefu, yenye zaidi ya saa moja na robo, iliwekwa kando kwa sababu iligusa uzembe wa jeshi katika kujiandaa. Ford aliifupisha hadi zaidi kidogo ya nusu saa, na December 7th ikapata tuzo ya Oscar ya filamu fupi ya hali halisi ya mwaka 1943.

Kilichofuata ndicho chenye funzo. Vipande vya maigizo ya Toland vilianza kutumiwa na watengenezaji wengine kama picha halisi za shambulio. Mabaharia walioigiza mbele ya kamera miezi kadhaa baadaye wakageuka, katika filamu za televisheni, kuwa mabaharia wa asubuhi ile ya Desemba. Japani nako mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mwaka 1942 ilitolewa filamu ya kuigiza kuhusu mapigano ya Hawaii na Malaya, yenye vielelezo vilivyotengenezwa na Eiji Tsuburaya, ambaye baadaye alisifika kwa filamu za Godzilla. Vielelezo vyake vilikuwa vizuri mno hata vipande vyake vikawahi kudhaniwa kuwa picha za kweli. Tora! Tora! Tora! ya 1970, nayo ni filamu ya kuigiza, ilitoa picha za rangi zilizochukuliwa na kuingizwa katika Midway ya 1976.

Picha iliyoigizwa, ikishatengana na maelezo yake, haina tena wa kuitolea ushahidi. Mhariri wa kwanza anajua ni maigizo. Wa pili anashuku. Wa tatu anaiamini. Maandishi mafupi chini ya picha, yanayosema ilipigwa lini na wapi, ndiyo kinga pekee, na ndiyo kitu cha kwanza kukatwa ili filamu iende mbio.

Zanzibar, alfajiri ya 20 Septemba 1914

Afrika Mashariki ilikuwa na shambulio la kushtukiza la namna hii miaka 27 kabla ya Pearl Harbor. Manowari ya Uingereza, Pegasus, ilikuwa imetia nanga katika bandari ya Zanzibar ikitengenezwa mitambo yake, haiwezi kwenda popote. Manowari ya Ujerumani, Königsberg, chini ya Max Looff, ilitoka maficho yake katika delta ya Rufiji, ikafika alfajiri na kuanza kupiga kutoka mbali. Mizinga yake ya milimita 105 ilifika mbali kuliko ya Pegasus, kwa hiyo makombora ya Waingereza yaliangukia majini kabla ya kumfikia adui. Mabaharia 38 wa Pegasus waliuawa na 55 wakajeruhiwa. Baadhi ya waliokufa wamezikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya mji.

Königsberg ilirudi Rufiji, na huko ikazingirwa. Julai 1915 manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na kuiharibu, zikiongozwa na ndege zilizoonyesha makombora yanaangukia wapi. Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10 na kuitumia nchi kavu. Mjini Mombasa, mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus imewekwa pamoja.

Kwa mtengeneza filamu, mkasa huu una utajiri usio sawa. Sehemu ya pili, ya Rufiji, ilidumu miezi, ikaacha picha za mnato nyingi, ramani, picha kutoka angani na mabaki yaliyoonekana mtoni kwa miongo kadhaa. Sehemu ya kwanza, ambayo ndiyo shambulio la kushtukiza lenyewe, ina maandishi na makaburi. Ndiyo maana masimulizi ya filamu huikimbilia Rufiji na kuipita Zanzibar kwa sentensi mbili. Hata filamu ya kuigiza ya 1976, Shout at the Devil, iliyotokana na riwaya ya Wilbur Smith, ilichota wazo lake kwenye manowari iliyojificha mtoni. Picha zinapokuwa nyingi, hadithi huhamia huko zilipo. Mji wa Zanzibar ulioamshwa na mizinga, pamoja na wakazi wake waliokimbilia mashamba au juu ya dari kutazama, hubaki nje ya fremu.

Ziwa Tanganyika na uzito wa hadithi moja

Shambulio la pili la kushtukiza ni la Ziwa Tanganyika. Wajerumani walikuwa na nguvu ziwani, na tarehe 5 Februari 1915 waliingiza majini kutoka Kigoma meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, iliyotengenezwa Papenburg, ikavunjwavunjwa, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000 na kusafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli. Waingereza walijibu kwa kuleta boti mbili za injini, Mimi na Toutou, zenye urefu wa mita 12 hivi. Zilipitishwa Afrika Kusini na Kongo, zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa injini za mvuke na ng'ombe, hadi upande wa Wabelgiji wa ziwa.

Tarehe 26 Desemba 1915, boti ya Kijerumani Kingani ilikuja kuchungulia. Ilikuwa na mzinga mmoja uliotazama mbele tu. Mimi na Toutou ziliifuata kwa nyuma, na dakika kumi na kitu baadaye kamanda wake alikuwa amekufa na boti imetekwa. Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa. Götzen haikuzamishwa na adui. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, baada ya kupaka mitambo yake grisi kwa matumaini ya kuirudia. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba.

Meli hii imebadilisha namna vita vyote vya maziwa vinavyosimuliwa kwa filamu. Ni shahidi wa chuma anayeelea. Mfululizo wa BBC wa Michael Palin, Pole to Pole, wa mwaka 1992, ulimpandisha Kigoma na kumshusha Mpulungu, Zambia, akiwa juu yake. Tangu hapo kila kamera inayoitembelea ina mwanzo, katikati na mwisho tayari. Kabla yake, filamu ya kuigiza The African Queen ya 1951, iliyotokana na riwaya ya C. S. Forester ya 1935, ilikwisha kuwaonyesha watazamaji wa dunia manowari ya Kijerumani inayolipuliwa ziwani. Wengi waliotazama hawajui kwamba meli iliyoipa riwaya wazo lake haikulipuliwa na mtu.

Kwa hiyo filamu ya hali halisi kuhusu Ziwa Tanganyika hufanya kazi mbili: kueleza yaliyotokea, na kuondoa kile ambacho filamu ya kuigiza ilikwisha kuweka kichwani mwa mtazamaji. Nyingi hufanya ya kwanza na kuikwepa ya pili, kwa kuwa jina la filamu maarufu ndilo linalouza. Wabeba mizigo na wakata njia wa Kongo, ambao bila wao boti zile zisingefika majini, huonekana kwa sekunde chache wakivuta kamba, bila jina.

Ziwa Victoria: Shirati, Majita na Ghuba ya Speke

Kwenye Ziwa Victoria hali ilikuwa kinyume. Waingereza ndio waliokuwa na meli nyingi. Reli ya Uganda ilikuwa na kundi la meli za mvuke Kisumu, nyingi zikiwa zimeletwa vipande vipande na kuunganishwa hapo: William Mackinnon, Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, Usoga, Rusinga na boti ya kuvutia meli, Kavirondo. Zilikuwa meli za abiria na mizigo. Vita vilipoanza zikafungwa mizinga. Wajerumani walikuwa na boti ya kuvutia meli iliyoitwa Muansa, ambayo nayo ilifungwa mzinga mdogo.

Septemba 1914 Wajerumani waliovuka mpaka kutoka upande wa Shirati walipigana na Waingereza huko Kisii. Katika siku hizo, kwenye ghuba ya Karungu, Muansa iliifukuza Winifred iliyokuwa bado haina silaha za kutosha. Winifred ilirudi ikiwa na Kavirondo, na safari hii Muansa ndiyo iliyoondoka. Januari 1915 kikosi kilichosafiri kwa meli kutoka Kisumu kiliiteka Shirati, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Rorya.

Tukio linaloigusa Musoma moja kwa moja ni la Sybil. Novemba 1914 meli hiyo iligonga mwamba karibu na Majita, rasi iliyo kusini magharibi mwa Musoma, ikatelekezwa katika pwani iliyoshikwa na Wajerumani. Mei 1915 Waingereza walirudi na kikosi, wakashuka Majita, wakawafukuza walinzi, na wahandisi wakaiziba meli na kuivuta hadi Kisumu. Hapa shambulio la kushtukiza lilikuwa na shabaha isiyo ya kawaida: kuiba meli yao wenyewe.

Machi 1915 Winifred iliikuta Muansa na kuikimbiza hadi ikapanda nchi kavu. Wajerumani waliinusuru, wakaendelea kuitumia, na hatimaye wakaizamisha Mwanza walipouacha mji huo Julai 1916. Waingereza nao waliiibua.

Shambulio lililoandikwa sana ni la Bukoba, Juni 1915. Meli kutoka Kisumu zilibeba askari, wakiwemo wa kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, ambamo alikuwamo mwindaji Frederick Selous, mwenye umri wa miaka 63. Mpango ulikuwa kushuka usiku bila kuonekana. Walinzi wa Kijerumani katika kisiwa cha Busira waliziona meli na kurusha fataki za ishara, na siri ikaisha. Askari walishushwa asubuhi kaskazini ya mji, wakapigana siku mbili, wakaangusha mnara wa simu ya upepo, na baadaye mji ukaporwa. Katika kikosi hicho alikuwamo pia Cherry Kearton, mmoja wa waanzilishi wa filamu za wanyama, aliyempiga picha mjongeo Rais mstaafu Theodore Roosevelt katika safari yake ya Afrika Mashariki ya 1909. Bingwa wa kamera alikuwapo ziwani, lakini alikuwapo akiwa askari.

Mwezi Juni 1916 Waingereza waliiteka Ukerewe, iliyokuwa ikiwapa Wajerumani mchele, na mwezi uliofuata wakashuka karibu na Mwanza na kuuchukua mji. Maji kati ya Ukerewe na Kisorya, upande wa Bunda, ambako leo kivuko hupeleka abiria Rugezi, yalikuwa sehemu ya uwanja huo wa vita.

Katika filamu, vita hivi vyote hufunikwa na vya Tanganyika. Sababu ni ya kifilamu zaidi kuliko ya kihistoria. Ziwa Victoria halikuacha Liemba, halikuwa na kamanda mwenye vituko kama Geoffrey Spicer-Simson wa Mimi na Toutou, na meli zake zilirudi kubeba pamba na abiria kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wanajeshi wa Afrika Mashariki na bahari ya Vita vya Pili

Vita vya Pili vya Dunia viliwatoa watu wa Mara kwenye ziwa na kuwapeleka baharini. Aprili 1942, baada ya ndege za Japani kushambulia Colombo, meli za Uingereza za Bahari ya Hindi zilihamishia kambi yao Kilindini, Mombasa. Mwezi uliofuata Waingereza waliishambulia Madagascar kwa kushtukiza, wakipenya usiku kati ya miamba ya pwani ya magharibi ya Diego Suarez, mahali ambapo walinzi Wafaransa hawakutegemea meli kupita. Tarehe 30 Mei, nyambizi ndogo za Japani ziliingia bandari ya Diego Suarez, zikaijeruhi manowari Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta. Vikosi vya King's African Rifles vilipelekwa kisiwani baadaye mwaka huo. Miongoni mwa askari hao alikuwamo kijana wa Butiama, David Musuguri, aliyejiunga na jeshi mwaka 1942 na miaka 38 baadaye akawa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Tanzania.

Msiba mkubwa zaidi wa baharini kwa askari wa Afrika Mashariki ulitokea tarehe 12 Februari 1944. Meli ya Khedive Ismail ilikuwa katika msafara kutoka Mombasa kwenda Colombo, ikibeba zaidi ya watu 1,500, wengi wao wakiwa wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Karibu na Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga kwa torpedo mbili. Meli ilizama ndani ya dakika tatu hivi. Watu 1,297 walikufa. Manowari Petard na Paladin ziliiwinda nyambizi na kuizamisha, na katika kuiwinda, Petard ililazimika kutupa mabomu ya majini mahali palepale ambapo manusura walikuwa wakielea.

Kwa hesabu ya waliokufa, tukio hili linazidi vifo vya Arizona. Kwa hesabu ya picha, ni karibu na sifuri. Dakika tatu hazikumpa mtu nafasi ya kutafuta kamera. Filamu yake haina budi kusimama juu ya orodha za majina, ripoti za manowari mbili, ushuhuda wa manusura wachache na barua za kifo zilizofika vijijini. Ni mfano mzuri wa jinsi ukubwa wa msiba na ukubwa wa filamu visivyokwenda pamoja.

Filamu ya serikali: Vita vya Kagera

Tanzania huru ilipata filamu yake ya vita baada ya uvamizi wa Idi Amin wa Oktoba 1978. Filamu ya rangi Vita vya Kagera, iliyotolewa mwaka 1980 na Kampuni ya Filamu Tanzania pamoja na Taasisi ya Picha na Sauti, inaeleza vita vilivyoiangusha Kampala Aprili 1979. Musuguri, wakati huo akiongoza Divisheni ya 20, alikuwa kati ya makamanda wake, na amiri jeshi mkuu alikuwa mwana mwingine wa Butiama, Julius Nyerere.

Filamu hiyo inasaidia kulinganisha. Uvamizi wenyewe ulikuwa wa kushtukiza, na ukawakuta wananchi wa Kagera bila kamera. Mashambulizi ya kujibu yalipangwa kwa miezi, na kamera zikaenda na jeshi. Hivyo Watanzania waliona zaidi ushindi kuliko mshtuko. Tukio kama la ndege ya Libya aina ya Tu-22 iliyolenga ghala la mafuta la Mwanza mwaka 1979 na badala yake ikaua swala wa kisiwa cha Saanane huishi katika masimulizi ya watu wa kanda ya ziwa kuliko kwenye skrini. Filamu ya serikali ina kazi halali ya kutia moyo na kuhifadhi kumbukumbu, lakini mtazamaji hana budi kujua kwamba mwenye kamera alikuwa upande mmoja, na alianza kupiga picha baada ya upande huo kujipanga.

Sauti inayoziba pengo

Picha zikikosekana, sauti huchukua uongozi. Katika filamu nyingi za Ulaya kuhusu vita vya Afrika Mashariki, msimulizi mmoja hueleza kila kitu kwa uhakika uleule, awe anasoma ripoti ya kamanda au anakisia hali ya hewa. Watazamaji wa Musoma na Bunda waliokulia kwenye banda umiza wanaijua nguvu ya sauti kuliko wengine. Huko, mtafsiri kama Lufufu aliweza kuigeuza filamu ya kigeni kuwa hadithi nyingine kabisa, na watu wakaondoka wakikumbuka maneno yake kuliko ya waigizaji. Tofauti ni kwamba katika banda kila mtu anajua kuna mtafsiri. Katika filamu ya hali halisi msimulizi hujificha nyuma ya picha.

Dawa ni kugawa sauti. Ripoti ya ofisa isomwe kama ripoti ya ofisa, kwa jina na tarehe. Kumbukumbu ya ukoo isimuliwe na mwenye ukoo, kwa Kijita, Kikwaya, Kikerewe au Kijaluo, na tafsiri ya Kiswahili iwe ya maandishi ili sauti yake isifutwe. Panapokuwa na makisio, msimulizi aseme ni makisio.

Filamu ya Majita ingejengwaje

Mkasa wa Sybil unafaa kuwa jaribio la kanuni hizi, kwa kuwa una mwanzo, subira ya miezi sita na mwisho. Maandishi ya Kiingereza yako Kew, London; kumbukumbu za utawala wa Kijerumani ziko sehemu katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Dar es Salaam, na sehemu Berlin. Kuzisoma pande zote mbili ni lazima, kwa sababu anayeshambulia na anayeshambuliwa huandika saa, idadi na hasara tofauti.

Mahali penyewe panahitaji uangalifu zaidi kuliko inavyodhaniwa. Maji ya Ziwa Victoria yalipanda zaidi ya mita 2 kutokana na mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo miamba na fukwe za Majita zinazoonekana leo si zile alizoziona nahodha wa 1914. Ramani ya kina ya wakati ule iwekwe juu ya picha ya sasa, na tofauti ielezwe. Gugu maji liliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Likionekana kwenye fremu ya maigizo, filamu imejikosoa yenyewe. Picha za usiku zina mtego wake: usiku wa giza maji ya Musoma huwaka taa za wavuvi wa dagaa kama mji. Anayetaka ziwa jeusi la 1915 apige picha wakati wa mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa wamepumzika, kisha apunguze mwanga, na aandike chini ya picha kwamba ni maigizo.

Mashahidi wa macho hawapo tena, lakini wapo watu wenye maarifa yanayofaa. Manahodha wa boti za Mwigobero wanajua upepo wa asubuhi unavyosukuma chombo kuelekea mawe, na wavuvi wa Bukima na Murangi wanajua miamba iliyo chini ya maji. Ushuhuda wao hauelezi nani alifanya nini 1914. Unaeleza kwa nini meli kubwa inaweza kupotea njia mahali pale, na filamu ieleze mpaka huo. Wazee wa Majita na wa Kisorya wanaweza kusimulia walichoambiwa kuhusu wapagazi, chakula kilichochukuliwa na vijana waliopelekwa vitani. Hiyo ni historia ya ziwa ambayo ripoti za makamanda hutaja kwa mstari mmoja au haziitaji.

Mwisho ni suala la onyesho. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere huko Butiama, kumbi za shule za Bunda na viwanja vya Musoma vinaweza kuonyesha filamu ya dakika 40 na kufuatiwa na maswali. Maswali ya kumwongoza mtazamaji ni manne, na yanafaa kwa filamu yoyote ya shambulio la kushtukiza, ya Hawaii au ya Shirati: Picha hii ilipigwa lini? Nani alishika kamera, na alikuwa upande gani? Kipande gani kimeigizwa? Na ni watu gani waliokuwapo ambao filamu haikuwapa nafasi ya kusema? Filamu inayoyajibu manne hayo ndani yake yenyewe imelipa deni la kuchelewa kwa kamera. Isiyoyajibu itazamwe kama filamu ya kuigiza, hata ikiwa imejaa picha za rangi nyeusi na nyeupe.